Kubadili mshiko wa gofu

Kubadili mshiko wa gofu ni kitendo cha mchezaji kuacha namna aliyozoea ya kushika fimbo ya gofu na kujifunza namna nyingine. Mikono ndiyo sehemu pekee ya mwili inayogusa fimbo, hivyo badiliko dogo la mshiko hubadili mwelekeo wa uso wa fimbo unapokutana na mpira. Kwa anayeanza, mshiko ni somo la siku ya kwanza. Kwa aliyecheza miaka mingi ni kazi ya wiki au miezi, na mara nyingi mchezo wake huharibika kwanza kabla ya kutengemaa.

Maelezo yafuatayo yanamhusu mchezaji anayetumia mkono wa kulia, ambaye mkono wake wa kushoto hukaa juu ya mpini na wa kulia chini yake. Kwa anayetumia mkono wa kushoto, mambo ni kinyume.

== Aina za mishiko ==
Kwa jinsi mikono inavyoungana, kuna mishiko mitatu mikuu:
* '''Mshiko wa kulaza kidole''': kidole kidogo cha mkono wa kulia hulala juu ya mkono wa kushoto, kati ya kidole cha shahada na cha kati. Huitwa pia mshiko wa Vardon, kutokana na Harry Vardon, aliyeshinda mashindano ya Open ya Uingereza mara 6 kati ya 1896 na 1914. Vardon aliueneza, lakini Mskoti Johnny Laidlay aliutumia kabla yake.
* '''Mshiko wa kufunga vidole''': kidole kidogo cha kulia na cha shahada cha kushoto hushikana. Jack Nicklaus na Tiger Woods wameutumia.
* '''Mshiko wa vidole kumi''': vidole vyote hukaa kwenye mpini. Huwafaa watoto, wenye mikono midogo na wenye maumivu ya viungo.

Kwa jinsi mikono ilivyozungushwa, mshiko huitwa "wenye nguvu", "wa kati" au "dhaifu". Majina haya hayahusu kukaza vidole. Katika mshiko wenye nguvu mikono imezungushwa kuelekea kulia, na mchezaji akitazama chini huona vifundo vitatu au zaidi vya mkono wa kushoto. Uso wa fimbo huelekea kufunga, na mpira hupinda kushoto. Katika mshiko dhaifu huonekana kifundo kimoja tu, uso wa fimbo hubaki wazi, na mpira hupinda kulia.

== Kwa nini ni vigumu ==
Mazoea ya mikono yanafahamika hata pasipo na uwanja wa gofu. Mkulima wa Kigwa, katika Wilaya ya Uyui mkoani Tabora, anapopiga matuta ya tumbaku au viazi vitamu huwa na mkono mmoja mbele ya mpini wa jembe na mwingine nyuma. Akiambiwa aibadilishe, jembe lilelile huwa zito na pigo huenda kando, ingawa nguvu zake hazijapungua. Kilichobadilika ni mpangilio ambao mwili ulikwisha kuuzoea bila kuufikiria.

Wanasaikolojia Paul Fitts na Michael Posner, katika kitabu chao cha 1967, walieleza hatua tatu za kujifunza ustadi: kufikiria kila tendo, kuyaunganisha matendo, na hatimaye kutenda bila kufikiri. Anayebadili mshiko hurudishwa kutoka hatua ya tatu hadi ya kwanza.

Katika gofu kuna ugumu wa ziada. Mwili wa mchezaji wa siku nyingi umejifunza kusahihisha kasoro ya mshiko wake. Mwenye mshiko wenye nguvu kupita kiasi, kwa mfano, huzuia mikono isigeuke anapopiga ili mpira usiende kushoto. Makosa mawili yamefutana, na mpira unakwenda sawa. Akirekebisha mshiko pekee, lile zuio hubaki, na sasa mpira unaruka kulia. Wengi hukata tamaa hapa na kurudi kwenye mshiko wa zamani, wakidhani mpya ndio mbaya. Kumbe kilichobaki ni kuacha lile zuio lisilohitajika tena.

== Mifano katika historia ==
Mmarekani Ben Hogan alianza kama kedi, yaani mbeba fimbo za wachezaji, akawa mchezaji wa kulipwa mwaka 1930. Kwa miaka mingi alisumbuliwa na mipira iliyopinda mno kushoto. Aliudhoofisha mshiko wake na kurekebisha upigaji wake pamoja nao. Mwaka 1946 alishinda shindano lake kubwa la kwanza, na hatimaye akafikisha ushindi wa mashindano makubwa 9.

Mjerumani Bernhard Langer, mshindi wa Masters mwaka 1985 na 1993, alibadili mara kadhaa mshiko wake wa kusukuma mpira shimoni kwa sababu mikono yake ilikuwa ikishtuka bila hiari katika mapigo mafupi.

Mfano wa kinyume ni Sewsunker "Papwa" Sewgolum wa Afrika Kusini, mwenye asili ya Kihindi. Naye alikuwa kedi na alijifundisha mwenyewe, akishika fimbo kwa mikono iliyopishana: wa kushoto chini na wa kulia juu. Kwa mshiko huo alishinda Dutch Open mwaka 1959, 1960 na 1964. Aliposhinda Natal Open mwaka 1963 alikabidhiwa kombe nje, mvua ikinyesha, kwa kuwa ubaguzi wa rangi ulimzuia kuingia katika jengo la klabu. Mwaka 1965 alishinda tena shindano hilo, akimpita Gary Player.

Mfano wa Sewgolum una maana kwa Afrika Mashariki, ambako wachezaji wengi wa kulipwa wa Kenya, Uganda na Tanzania walianza kama makedi na kujifunza kwa kutazama. Mshiko usiofanana na wa vitabuni si kosa kwa sababu hiyo tu. Sababu ya kuubadili ni mpira unaokosea kwa namna ileile kila mara, au maumivu ya mkono.

== Namna ya kubadili ==
* Kukagua mpini kwanza. Mpira wa mpini ukikauka huteleza, na mchezaji hulazimika kuukaza mno.
* Kubadili jambo moja kwa wakati, katika kipindi kisicho na mashindano.
* Kushika fimbo nyumbani dakika chache kila siku bila kupiga mpira, kuachia na kushika upya.
* Kuanza na mapigo mafupi ya polepole, kisha kuongeza urefu.
* Kutohukumu mshiko kwa mapigo ya siku za mwanzo.

== Kanuni ==
Kanuni za gofu humwachia mchezaji uhuru wa kupanga mikono yake. Hata hivyo, tangu tarehe 1 Januari 2016 ni marufuku kuegemeza fimbo mwilini wakati wa kupiga. Mipini ya mazoezi yenye mabonde ya vidole husaidia kujifunza, lakini hairuhusiwi katika mashindano.