Hedifoni zisizo na waya: Zijaribiwe Kariakoo, si Kilwa

Na Mwandishi Wetu, Kilwa Masoko

WAFANYABIASHARA wa vifaa vya simu wa Kilwa Masoko, Kivinje, Nangurukuru na Lindi mjini wanaofuata mzigo Kariakoo wana swali la kujiuliza kabla ya kupanda basi: mteja akirudisha hedifoni, hasara itabebwa na nani? Muuzaji wa jumla yuko umbali wa kilomita zipatazo 300 kutoka Kilwa, na zaidi ya 400 kutoka Lindi. Mara nyingi hasara hubaki kwa mwenye duka.

Tuchukue hesabu ya mfano. Mtaji wa Sh. 600,000 unanunua hedifoni 20 zisizo na waya, zile za kufunika sikio lote, kwa Sh. 30,000 kila moja. Zikiuzwa kwa Sh. 42,000, faida ghafi ni Sh. 240,000. Toa Sh. 60,000 za nauli, chakula na mzigo, zinabaki Sh. 180,000. Wateja wanne wakirudisha bidhaa na kudai fedha zao, zinatoka Sh. 168,000. Safari nzima imezaa Sh. 12,000, na rafuni kuna hedifoni nne zisizouzika.

Katika biashara hii, basi, nusu saa ya kukagua bidhaa kwa muuzaji wa jumla ina thamani kuliko punguzo la Sh. 1,000 kwa kila moja.

Kichwani kwanza

Mnunuzi wengi huanza na sauti. Kwa mwambao wetu ni afadhali kuanza na joto. Mito ya hedifoni nyingi za bei nafuu imevikwa ngozi bandia, ambayo haipitishi hewa. Mwandishi wa makala haya alivaa hedifoni za namna hiyo ndani ya basi kutoka Dar es Salaam. Baada ya saa moja masikio yalikuwa yamelowa jasho na ikabidi azivue. Dukani, kwa dakika mbili chini ya feni, zilionekana nzuri kabisa.

Zivae dakika 20 au 30 huku ukiendelea na manunuzi mengine. Sikio liingie lote ndani ya mto bila kukandamizwa. Utosi usiume. Bonyeza ngozi kwa ukucha na ukunje mshono. Ikionyesha nyufa ikiwa mpya, jasho na hewa ya chumvi zitaimaliza mapema. Angalia pia uzito. Sony WH-1000XM4 ina gramu 254, na AirPods Max ya Apple ina gramu zipatazo 385. Tofauti hiyo shingo huijua baada ya saa mbili.

Jaribu pia ukiwa na miwani, kofia au mtandio, maana ndivyo wateja wetu wanavyovaa. Mto usipogusa ngozi pande zote, besi huvuja na sauti huwa nyembamba. Mteja atasema hedifoni ni mbovu, kumbe haikumkaa.

Sauti

Nenda na wimbo mmoja unaoujua vizuri, uliohifadhiwa kwenye simu yako mwenyewe. Taarabu inafaa sana: sauti ya mwimbaji, fidla, kinanda na ngoma zisikike kila moja mahali pake. Ngoma ikimfunika mwimbaji, besi imezidishwa. Herufi “s” ikichoma sikio, mlio wa juu umezidi. Kisha sikiliza mtangazaji wa redio akisoma habari. Sauti ya mtu hufichua kasoro upesi.

Mtego mkubwa ni ukubwa wa sauti. Hedifoni mbili zikilinganishwa, inayolia kwa nguvu zaidi huonekana bora hata kama si bora. Muuzaji akikufungulia sauti hadi mwisho, ipunguze, uzisawazishe zote mbili, ndipo uamue. Ni jambo la afya pia: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki.

Zile zinazodaiwa kuzima kelele zijaribu karibu na jenereta au basi linalounguruma, bila muziki. Washa, zima. Mngurumo ukipungua waziwazi, kifaa kinafanya kazi. Sauti za watu zitaendelea kusikika kwa kiasi, na hilo mteja aambiwe mapema. Pasipo tofauti yoyote, unalipia maandishi tu.

Mawimbi na chaji

Bluetooth hutumia mawimbi ya gigahezi 2.4, na mwili wa binadamu huyafyonza. Weka simu mfuko wa nyuma, utembee, sauti isikatike. Fungua video uangalie kama midomo inakwenda pamoja na maneno. Piga simu ukiwa mahali penye upepo, kwa sababu kipaza sauti kinachofaa ndani ya duka kinaweza kushindwa na kusi ufukweni. Pendelea pia yenye tundu la waya, mteja aendelee kusikiliza chaji inapokwisha.

Maandishi ya boksi

“Hezi 20 hadi 20,000” limeandikwa karibu kila boksi. Ni upeo wa usikivu wa binadamu, si kipimo cha ubora. Ukubwa wa spika nao hautoshi: Sony ilitoka milimita 40 katika modeli ya 2020 hadi milimita 30 katika ile ya 2022, ambayo ni ya bei ya juu zaidi.

Jina kubwa kwa bei ya kutupa ni hatari nyingine. Chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, bidhaa bandia zinaweza kukamatwa na kuteketezwa, na Tume ya Ushindani ndiyo inayosimamia. Dai risiti ya mashine, na makubaliano ya maandishi juu ya kurudisha mbovu.

Fedha ya ufuta huingia Lindi katikati ya mwaka, ya korosho kuanzia Oktoba. Mwenye mtaji mdogo anunue tano kwanza, aziuze, asikilize malalamiko kwa wiki mbili, kisha ndipo aagize 20 za msimu.