Je, Wajua? Picha za Wanasoka wa Mbeya na Iringa

JE, WAJUA kwamba kadi ya mchezaji wa besiboli Mickey Mantle, iliyochapishwa Marekani mwaka 1952, iliuzwa mnadani kwa dola milioni 12.6 mwaka 2022? Sy Berger, aliyeshiriki kubuni kadi hizo za 1952, alisimulia kwamba zilizododa ghalani zilimwagwa baharini.

JE, WAJUA kwamba Afrika Mashariki nayo iliweka wanamichezo wake kwenye karatasi? Stempu za mwaka 1976 zilikuwa na John Akii-Bua wa Uganda (senti 50), Filbert Bayi wa Tanzania (shilingi 1) na bondia Steve Muchoki wa Kenya (shilingi 2). Zilitolewa kwa ajili ya Olimpiki ya Montreal, lakini hakuna aliyeshindana huko: nchi zote tatu zilisusa kwa sababu New Zealand ilikuwa imecheza raga na Afrika Kusini ya makaburu.

JE, WAJUA kwamba Tukuyu Stars ya Rungwe mkoani Mbeya, waitwao Banyambala, ndio mabingwa wa Tanzania Bara wa mwaka 1986? Simba na Yanga waliachwa nyuma. Sekilojo Chambua, kiungo aliyetamba Yanga, alipitia timu hiyo.

JE, WAJUA kwamba Mbeya City, katika msimu wake wa kwanza Ligi Kuu, 2013/14, ilimaliza ya tatu, juu ya Simba? Ukikuta picha ya jezi za zambarau za msimu huo Uwanja wa Sokoine, itunze.

JE, WAJUA kwamba Lipuli ya Iringa ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2019? Azam ilishinda 1-0 mjini Lindi kwa bao la Obrey Chirwa.

JE, WAJUA kwamba picha nyeusi na nyeupe hudumu kuliko za rangi, ambazo hupauka zikipigwa na jua? Adui mwingine ni unyevu, na Tukuyu mvua haina likizo. Shika picha pembeni, usiibandike kwa gundi, andika nyuma kwa penseli laini.

Nyuma ya picha ya kikosi andika hivi: waliosimama kutoka kushoto, waliochuchumaa kutoka kushoto, uwanja, mwaka. Bila majina, baada ya kizazi kimoja hubaki jezi tu. Wazee waliowashangilia wachezaji hao bado wapo. Mpelekee mmoja picha hiyo wiki hii, na uende na penseli.