Juu ya Kulinganisha Santuri za Piano

Msomaji aliyezoea nyimbo za pwani anajua kwamba shairi moja laweza kuimbwa kwa mahadhi mengi, na kwamba mwimbaji akilichukua shairi la mwenziwe akalitia mahadhi yake mwenyewe, hapana amlaumuye, maadamu mizani haikuvunjika. Katika muziki wa Ulaya uliotungwa kwa ajili ya piano pekee, mambo yana sura nyingine kidogo: mtunzi amekwisha kuandika kila sauti mahali pake, mpigaji hatarajiwi kuongeza wala kupunguza, na juu ya hayo yote wapigaji mia wakiketi mbele ya karatasi moja, masikio husikia mambo mia. Kuzilinganisha santuri zao huhesabiwa na watu wengi kuwa mchezo wa wenye nafasi. Kwangu mimi ni elimu ya sikio, ila ni elimu yenye hatari ndani yake, na hatari hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Natuchukue kazi moja iliyo mashuhuri. Mwaka 1741 Johann Sebastian Bach alichapisha huko Nuremberg, Ujerumani, wimbo mmoja wa taratibu ukifuatwa na mageuzo 30, ambao baada ya mageuzo hayo hurudi tena kama ulivyoanza. Piano kama tuijuavyo leo haikuwa imeenea wakati huo, naye aliikusudia kazi hii kwa hapsikodi, kinanda cha kale chenye safu mbili za vibao vya kubonyeza. Watu huiita Mageuzo ya Goldberg, kwa kisa kilichoandikwa mwaka 1802 na Forkel, mwandishi wa maisha ya Bach, kwamba bwana mkubwa mmoja aliyekosa usingizi alikuwa akipigiwa muziki huu usiku na kijana wake Johann Gottlieb Goldberg. Wanazuoni wanakitilia shaka kisa hicho, kwa kuwa kijana huyo alikuwa na umri wa miaka kama 14 tu kazi ilipochapishwa. Lakini jina limekwisha kuganda, na majina yakiganda hayabanduki.

Lililo muhimu kwetu ni yale ambayo Bach hakuyaandika. Juu ya kasi aliandika maneno machache mno, na juu ya sauti kubwa na sauti ndogo hakuandika karibu chochote, kwa kuwa hapsikodi haiwezi kuipandisha wala kuishusha sauti kwa nguvu ya kidole. Kila geuzo limegawanyika nusu mbili, na kila nusu ina alama ya kurudiwa. Je, mpigaji azirudie zote, baadhi, au asirudie hata moja? Hapo peke yake pana tafauti kubwa ya muda. Mpigaji piano Murray Perahia, aliyerekodi mwaka 2000, alizitii alama hizo, na kazi yake ikapita dakika 70. Glenn Gould wa Kanada, aliporekodi mara ya kwanza, aliziacha, akamaliza kwa dakika 38 na kitu.

Gould huyo ndiye aliyetuachia mfano bora wa kulinganisha, kwa sababu alijilinganisha na nafsi yake. Mwezi wa Juni 1955, akiwa na umri wa miaka 22, aliingia katika studio ya kampuni ya Columbia huko New York, jengo lililokuwa kanisa zamani, akaketi juu ya kiti kifupi alichotengenezewa na babake, akaipiga kazi hii kwa kasi na wepesi ambao watu hawakuutazamia kwa Bach. Na kwa kuwa alikuwa na desturi ya kuguna akipiga, maguno yake nayo yalinaswa na vinasa sauti. Santuri ilipotoka mwaka uliofuata, alipata umaarufu wa ghafula. Mwaka 1981 alirudi katika studio ile ile, akarekodi kazi ile ile kwa piano nyingine, na mara hii ikachukua dakika 51. Santuri hii ya pili ilitolewa mwaka 1982, karibu na siku aliyofariki dunia, tarehe 4 Oktoba, akiwa amekwisha timiza miaka 50.

Msikilizaji asiye na subira atasema: ujanani alikwenda mbio, utu uzimani akatulia, basi. Hukumu hiyo ina ukweli katika wimbo wa mwanzo, ambao mwaka 1955 haukufika dakika mbili, na mwaka 1981 ulipita dakika tatu, ingawa maandishi ni yale yale na hakuna kilichorudiwa. Lakini asikilize geuzo la 25, lenye huzuni kuliko yote, ambalo mpigaji mashuhuri wa hapsikodi Wanda Landowska alilipa jina la lulu nyeusi. Hapo mzee ndiye anayemaliza kwanza! Lile la 1955 linakokota, linaugua, linakaribia kulia mbele za watu; lile la 1981 limepungua takriban nusu dakika, nalo limejizuia kama mtu mwenye msiba aliyekataa kuonekana. Gould mwenyewe aliilaumu ile ya ujanani kuwa ina maonyesho mengi. Tena katika ile ya pili alijitahidi kasi ya kila geuzo iwe na uhusiano wa kihesabu na kasi ya geuzo lililotangulia, hata msikilizaji ahisi pigo moja la moyo likipita chini ya kazi nzima, japokuwa juu yake vidole vinakimbia au vinatambaa. Jambo hilo halisikiki kwa kuonja kipande hapa na kipande kule. Na wengi wanaolinganisha santuri, kwa bahati mbaya, ni waonjaji.

Sasa niieleze ile hatari. Katika miaka ya mwanzo ya karne hii palitokea Uingereza sahani nyingi za muziki wa piano, zaidi ya 100, zilizotolewa kwa jina la Joyce Hatto, bibi aliyekuwa ameacha kupiga hadharani kwa miaka mingi, na ambaye ilisemwa kwamba alizirekodi huku akipambana na saratani. Baadhi ya wahakiki walizisifu kwa taadhima kubwa. Bibi huyo alifariki mwaka 2006. Na mwezi wa Februari 2007 shabiki mmoja akaitia kwenye kompyuta sahani yake ya mazoezi ya piano ya mtunzi Liszt, na programu, ambayo huzitambua sahani kwa urefu wa vipande vyake, ikamwambia kwamba mpigaji ni mtu mwingine, László Simon. Jarida la Gramophone lilipoomba sauti hizo zipimwe, nyingi zilionekana kuwa ni zile zile za Simon. Sahani nyingine nazo zilikutwa na asili ya namna hiyo. Baadhi zilikuwa zimeharakishwa au kupunguzwa kasi kwa mitambo ili zisitambulike. Mume wake, mwenye kampuni iliyozitoa, akakiri. Wakati huo huo watafiti wa London, waliokuwa wakipima pigo kwa pigo namna wapigaji mbalimbali walivyozipiga mazurka, vipande vya piano vya mtunzi Chopin, walikuta bila ya kutazamia kwamba mazurka za Hatto zililingana mno na za mpigaji mwingine, Eugen Indjic.

Ubaya wa wizi huo uko dhahiri. Kinachonishughulisha mimi ni masikio ya wale waliodanganyika, watu waliotumia umri wao katika muziki: upigaji uliokuwa umekaa madukani kwa miaka bila ya makeke ulipata utukufu mara tu ulipovikwa jina la mgonjwa shujaa. Hawakuwa wajinga wala viziwi, ila kisa kilitangulia kuingia sikioni, na muziki ukakuta kiti kimekwisha kaliwa. Na nani kati yetu aliyesalimika, ikiwa tunamsikia Gould wa 1981 tukijua tayari kwamba mauti yalikuwa mlangoni?

Basi anayetaka kulinganisha kwa insafu na amwombe mtu mwingine amwekee santuri bila ya kumtajia majina. Ahakikishe zote zina sauti ya kiwango kimoja, kwa kuwa sikio huipenda ile iliyo kubwa kidogo hata kama haina fadhila nyingine. Asiudhike kwa mkwaruzo wa santuri kuukuu, wala asidhani kwamba usafi wa santuri mpya ni ustadi wa mpigaji peke yake, maana sauti iliyorekodiwa hukatwa na kuungwa, na kosa la asubuhi hufichwa kwa kipande cha jioni. Kisha asikilize kazi nzima, angalau mara moja, kabla hajatoa neno.

Nami nikiulizwa, asiyepata kuisikia kazi hii na aanze na Perahia, ambaye hagunii mtu sikioni na anayazingatia marudio. Mwenye kumtaka Gould asinunue moja akaiacha ya pili. Lakini akilazimika kuchagua, achukue ya 1981, kwa ajili ya geuzo la 25.