Panda ya Kwanza

Sogeeni karibu, wanangu. Leo nawasimulia habari za mti uliopoteza msitu wake.

Kwao ni Amerika ya Kusini, kwenye milima ya Andes na katika misitu ya kusini-mashariki mwa Brazili. Wataalamu wanauita brugimansia, kwa heshima ya Sebald Justinus Brugmans, mwanazuoni wa Uholanzi aliyefariki mwaka 1819. Maua yake ni marefu na yananing'inia midomo chini kama tarumbeta zilizotundikwa: meupe, ya njano, ya waridi, mengine mekundu. Giza likiingia, harufu yake hutapakaa uani kote, kwa sababu wageni wanaoalikwa ni nondo wakubwa wa usiku wenye mrija mrefu wa kufyonzea. Aina nyekundu haina harufu. Hiyo humtegemea ndege mvumaji mmoja wa Andes ambaye mdomo wake ni mrefu kuliko mwili wake, ukiacha mkia.

Spishi zake ni saba, na zote saba zimeorodheshwa kuwa zimetoweka porini kwao. Hakuna tena msitu wa Andes ambamo mti huu unajiotea na kuzaa vizazi vyake wenyewe. Iliyobaki huko ni ile iliyopandwa na watu. Katika Bonde la Sibundoy, kusini mwa Kolombia, mita zipatazo 2,200 juu ya usawa wa bahari, Wakamsá na Wainga wameitunza aina baada ya aina kwa njia moja rahisi: wanakata kijiti na kukichomeka ardhini. Kwangu mimi hilo ni jambo kubwa. Mti mzima umevuka karne kwa vijiti vilivyopita mkono kwa mkono.

Huku kwetu umefika kama mti wa mapambo. Ukipita nyanda za juu za Kenya, Tanzania au Uganda utaukuta kwenye nyua, wakati mwingine umepangwa mstari kuwa uzio. Unapenda ubaridi wa milimani kuliko joto la Pwani. Lakini umewahi kujiuliza kwa nini mmoja umesimama na shina refu na kichwa kipana juu, na mwenzake wa jirani ni kichaka kifupi kilichojaa matawi tangu chini, ingawa maua yao ni yaleyale? Hapo ndipo hadithi yenyewe inapoanzia.

Mche wa brugimansia huanza na shina moja tu. Unapanda juu, jani baada ya jani, bila kugawanyika. Mwenye haraka hukata tamaa, maana haoni ua wala dalili yake. Halafu, siku moja, ncha inaachana: mkono mmoja huku, mwingine kule. Hiyo ndiyo panda ya kwanza. Mmea mmoja huipata ukiwa na kimo cha mita moja, mwingine unakaribia mita mbili bado unaitafuta. Na maua hayaji kabla yake.

Kwa nini shina lililokuwa likienda moja kwa moja ligawanyike? Kwenye ncha yake kuna chembe hai changa, ndogo mno kuonekana kwa macho, ambazo kazi yake ni kujigawa. Zinatengeneza jani, kipande cha shina, jani tena, kipande tena. Zinaendelea hivyo mpaka mmea ukomae. Ukishakomaa, chembe zilezile zinabadilisha kazi na kuunda ua. Na ua ni mwisho wa safari ya ncha hiyo, kwa sababu ncha ikishageuka ua haiwezi tena kutoa jani. Shina limejifunga lenyewe kwa juu.

Ila katika kwapa la kila jani kuna jicho dogo lililolala. Muda wote ncha ilipokuwa ikikua, iliyazuia macho yale yasiamke. Sasa kizuizi kimeondoka. Macho mawili, pengine matatu, yaliyo karibu na ua huamka na kuwa matawi. Kila tawi linatoa majani machache, nalo linaishia kwenye ua, kisha linagawanyika tena. Ndiyo maana mti uliokaa miaka bila tawi hata moja unaweza kujaa matawi katika msimu mmoja.

Kwa hiyo, wanangu, tawi la brugimansia linazaliwa na ua. Anayetaka kuamua urefu wa shina na wingi wa matawi lazima aulize swali moja: ua la kwanza litakuja lini?

Msiniamini kwa maneno matupu. Nendeni bustanini mkautazame mpilipili hoho. Ulipanda na shina moja, kisha ukagawanyika, na hapo kwenye panda utaliona ua la kwanza, au pilipili ya kwanza. Utazameni pia mnanaha unaoota majalalani: ua lake, na baadaye tunda lake lenye miiba, hukaa katikati ya panda. Hawa wote ni ndugu wa brugimansia, wa ukoo mmoja na nyanya, bilinganya na tumbaku. Mnanaha ni ndugu wa karibu zaidi, ila maua yake hutazama juu.

Ukaribu huo unanilazimu nisimame hapa kidogo, na hapa nataka mnisikilize kwa makini. Brugimansia ni sumu: jani, ua, mbegu, mzizi, utomvu. Ndani yake kuna skopolamini na atropini. Hospitalini daktari hutumia atropini kwa kipimo cha uangalifu mkubwa, kwa mfano kupanua mboni ya jicho anapolipima. Kwenye mti hakuna kipimo. Aliyekula hukaukwa kinywa, moyo humwenda mbio, huona vitu ambavyo havipo, hawatambui watu wake, na anaweza kufa. Hata mtunza bustani aliyeshika majani akajifikicha jicho huweza kukuta mboni moja imepanuka na kuona ukungu kwa saa nyingi. Basi: glavu mkononi, mtu mzima ndiye ashike kisu, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla haijagusa uso. Kijiti chake kisiwe mswaki wala kisichomee mishikaki. Yeyote aliyemeza, hata kidogo, akimbizwe hospitali bila kusubiri dalili.

Haya, tuurudie mti.

Tazameni majani yake bila kuyachuma. Chini ya panda, pande mbili za jani hukutana kwenye kikonyo mahali pamoja, zimelingana. Juu ya panda, kitako cha jani kimepotoka: upande mmoja unashuka chini zaidi ya mwingine. Mti umeandika umri wake hapo. Sehemu ya chini ni ya utoto, inayokua tu. Ya juu imeshakomaa, inachanua. Na hata baada ya kukatwa, kila sehemu hubaki na tabia yake. Hili ndilo linalonishangaza kuliko yote katika mti huu.

Tuseme mtu mzima anawakatia pingili mbili kutoka mti mmoja, siku moja, kila moja urefu wa shubiri na unene wa kidole. Ya kwanza imetoka chini ya panda, ya pili juu. Mnapunguza majani yabaki machache ili zisipoteze maji, mnazichomeka kwenye udongo mwepesi wenye mchanga, kivulini, na kuutunza unyevu. Baada ya wiki chache zote mbili zina mizizi. Kwa muda mtadhani ni mapacha. Kisha ile ya juu ya panda inachanua ingali fupi, inagawanyika karibu na ardhi, inaanza kutanuka. Ile ya chini haina habari ya maua. Inapanda tu juu, jani baada ya jani, kama mche wa mbegu, mpaka nayo ifikie panda yake.

Anayetaka mti mrefu, basi, achague pingili ya chini na awe na subira. Asiguse ncha. Ncha ikivunjika, macho ya pembeni yataamka kabla ya wakati, na shina moja mliloliota litakuwa mashina matatu manyonge. Machipukizi yanayochungulia kwenye makwapa yaondolewe yakiwa madogo, kwa kidole kilichovaa glavu. Majani ya shinani yaachwe, kwani ndiyo yanayolilisha na kulinenepesha. Yataanguka yenyewe kichwa kikishajaa. Ufito wa kuegemea uchomekwe siku ileile ya kupanda, maana ukiuchomeka baadaye utatoboa mizizi. Fungeni shina kwa kitambaa laini, kipite kati ya shina na ufito ili visisuguane. Shina la brugimansia ni laini na kichwa chake ni kizito. Upepo mmoja wa Julai huko milimani waweza kumaliza kazi ya mwaka. Kama mmea uko kwenye chungu, uzungusheni mara kwa mara usije ukainama kufuata mwanga wa upande mmoja.

Mwenye nafasi ndogo, au mwenye hamu ya maua mapema, ndiye wa pingili ya juu. Huyo hana kazi kubwa ya kuelekeza, mti utagawanyika wenyewe. Wengine hukata ncha ya mche mchanga wakitumaini kupata matawi. Watayapata, lakini kila shina jipya litabaki na safari yake kamili mpaka kwenye panda, na maua yatachelewa. Mimi nisingefanya hivyo.

Miti yote miwili inahitaji chakula kingi. Majani mapana hivyo hunywa maji bila kuchoka, na mchana wa jua kali hulegea hata kama udongo una unyevu. Kivuli cha adhuhuri kinaifaa. Samadi iliyooza vizuri, mara kwa mara, inaipa nguvu ya kufikia panda mapema na kuchanua kwa wingi. Mkiona majani yana madoa madogo ya manjano na utando mwembamba upande wa chini, huo ni utitiri. Osheni majani kwa maji, hasa chini yake, kabla haujaenea.

Mti ukishakuwa mkubwa utahitaji kupogolewa, na hapo wengi huharibu. Wanaukata mpaka chini ya panda ya kwanza, kisha wanashangaa kwa nini hauchanui. Wameuondolea ukomavu wake wote na kuurudisha utotoni; kila chipukizi litalazimika kupanda upya hadi lipate panda. Mkataji hodari hukata juu ya panda na kuacha vifundo kadhaa kwenye kila tawi. Macho ya hapo yameshakomaa, na hayachelewi kutoa maua.

Vipande vilivyokatwa msivitupe kando ya kijito. Mti huu uliokosa msitu kwao umeshaanza kuota wenyewe katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, na haufai kuchukua nafasi ya mimea yetu ya kando ya mito. Kipande chochote chenye kifundo kikipata unyevu huweza kushika mizizi. Vitandazeni juani juu ya mawe, mahali ambapo mbuzi hafiki, mpaka vikauke kabisa, ndipo mtu mzima avifukie.