Hesabu inayoangusha waundaji wa mashine za CNC

FUNDI anayejiundia mashine ya CNC, yaani ile ya kukatia mbao kwa kuongozwa na kompyuta, aghalabu huharibu mbao kadhaa kabla ya kugundua kwamba kosa limo katika hesabu.

Mota ya stepa ya kawaida hupiga hatua 200 kwa mzunguko mmoja. Kidhibiti chake kikigawa kila hatua mara nane, huwa 1,600. Iwapo mzunguko huo husogeza nati milimita 8 kwenye skrubu, basi kila milimita huhitaji hatua 200.

Hapa ndipo wengi hupotea. Skrubu inayopendwa, ya kipenyo cha milimita 8, ina nyuzi nne zilizosokotwa pamoja. Kutoka jino hadi jino ni milimita 2 tu. Anayeweka 2 badala ya 8 ataamuru mwendo wa milimita 50, nayo meza iende 200 na kugonga ukingo.

Kisha pima. Ukiamuru milimita 100 na vernia ionyeshe 99.8, zidisha 200 kwa 100, ugawe kwa 99.8, utapata 200.4. Kasoro hiyo yaonekana ndogo, lakini katika ubao wa mita moja ni milimita 2, na droo haiingii kabatini.

Unapopima, fikia alama zote mbili ukitokea upande mmoja. La sivyo, utakuwa ukisahihisha ulegevu wa nati, wala si mwendo wa skrubu.