Karatasi Inasema Hasi, Vidole Vimevimba

Mwezi wa saba kule Mufindi, asubuhi, shangazi yangu alikuwa hawezi kufunga kitenge. Binti yake ndiye aliyemfungia. Ikifika saa nne vidole vinalegea, anabeba kikapu, anakwenda kuchuma chai. Miaka miwili ukoo mzima tuliamini ni baridi tu. Si ugonjwa wenyewe unaitwa baridi yabisi? Jina hilo limetuponza. Kuanzia Makambako hadi Uporoto watu husubiri jua la Oktoba liwaponye, kumbe mifupa inaliwa taratibu. Baridi inaweza kuongeza maumivu, lakini kinachoshambulia utando wa ndani ya kiungo ni kinga ya mwili yenyewe.

Alipimwa damu mara mbili kutafuta RF, majibu yakawa hasi. Akaambiwa hana tatizo, akapewa diklofenaki.

Hapo ndipo ninapomwomba msomaji wa Iringa na Mbeya atulie. RF ni kingamwili aliyoieleza Erik Waaler wa Norway mwaka 1940, nayo huonekana kwa wagonjwa kama 7 kati ya 10. Watatu waliobaki wanaumwa vilevile. Tena kifua kikuu kinaweza kuifanya iwe chanya kwa mtu asiye na baridi yabisi kabisa.

Kipimo cha anti-CCP, kilichotokana na utafiti wa Uholanzi wa mwaka 1998, kinaaminika zaidi kikiwa chanya, na huwanasa baadhi ya wale walioponyoka RF. Baadhi tu. Mwaka 2011 watafiti wa Leiden walieleza kingamwili nyingine, zinazolenga protini zilizobadilika kwa njia tofauti, wakaziona hata kwa watu ambao anti-CCP yao ilikuwa hasi. Kwa mgonjwa wa kijijini hizo bado ziko mbali.

Tazama hesabu ya mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2010 wa kutambua baridi yabisi. Pointi ni 10, na 6 zinatosha. Kingamwili zina pointi 3. Asiye nazo amebakiwa na 7: viungo 5, ESR au CRP (vipimo vya damu vya uvimbe) iliyopanda 1, maumivu ya wiki 6 au zaidi 1. Lakini zile 5 za viungo hazipatikani mpaka viungo zaidi ya 10 viwe vinauma au vimevimba. Mwenye viungo 8 vya vidole vinavyouma hupata 3, jumla 5. Amekwama kwa pointi moja! Kwa mtu huyo kingamwili mpya zingekuwa na maana kubwa. Kwa sasa ana picha ya eksirei na macho ya daktari, ambaye hafungwi na mwongozo uliotungwa hasa kwa ajili ya utafiti. Kwa mfugaji, daktari huyo aulize pia habari za ng'ombe wanaotupa mimba, maana brusela inayosababisha hayo huumiza pia viungo vya watu.

Daktari mmoja jijini Mbeya aliiweka pembeni ile karatasi ya majibu ya shangazi. Akauliza, "Mama, asubuhi vidole vinakaza kwa muda gani?" Akabonyeza kiungo kimoja kimoja, akihesabu. Vilifika 14.

Sasa shangazi anameza methotreksati kila Jumapili baada ya kanisa, siku hiyo moja tu kwa wiki, kwa sababu kuimeza kila siku kunaweza kuua. Kitenge anafunga mwenyewe. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikunyooka tena.