Filamu Yao, Meli Yetu

Watengenezaji wa filamu za kigeni wapendao visa vya majini hutafuta vitu vitatu: papa, hazina na meli iliyozama. Ziwa letu la Tanganyika halina papa, lina mamba. Na dhahabu iliyofichwa chini yake hatujapata kuisikia. Meli iliyozama ndiyo tuliyokuwa nayo.

Kutokana na vita vilivyopiganwa ziwani humu, Mwingereza C. S. Forester alitunga mwaka 1935 riwaya ya The African Queen, na mwaka 1951 John Huston akaifanya filamu. Picha zake hakuzipigia Kigoma, bali Uganda na Kongo ya Wabelgiji. Huko balaa liliwaandama. Karibu wote waliugua, Katharine Hepburn akadhoofika, na mashua yenyewe ikazama, ikabidi ivutwe juu. Huston na Humphrey Bogart walisalimika, wakasema ni kwa kunywa wiski badala ya maji. Dawa ambayo sisi tuliosoma chuoni hatuwezi kumwagizia mtu.

Taabu hizo Hepburn alizitungia kitabu kizima mwaka 1987. Hatuzibezi. Lakini taabu za walioileta meli ya kweli ziliandikwa na nani? Graf von Goetzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi Kigoma. Makasha hayo hayakujibeba.

Katika filamu, meli ya Wajerumani inalipuliwa na mashua ya mashujaa wawili wa Kizungu. Ukweli ni kwamba Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916 walipokuwa wakikimbia, baada ya kuipaka mitambo grisi isiliwe na kutu. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba. Hazina ikawa ndiyo hiyo, nayo ikabeba dagaa, nafaka na abiria kwa vizazi. Mei 2015, ikiwa imetimiza miaka mia moja tangu ishushwe majini, ilikwenda Kagunga kuwachukua wakimbizi wa Burundi waliofurika ufukweni, ikawaleta Kigoma mamia kwa mamia.

Hapa Katubuka na kule Ujiji wamo wazee waliotumikia meli hiyo, au ambao baba zao waliitumikia. Tunaiomba Serikali itume watu wenye daftari na kinasa sauti wakae nao, kabla wazee hao hawajatutoka.